Mama Bomba na Sisimizi wa Matofali

"Ufunguo hautoki! Lia, zimia, piga ukunga mpaka mtaa mzima ujae hapo mlangoni. Hautoki."

"Kwani nimekuomba figo? Nimeomba mali yangu. Bomba nimelinunua mwenyewe, limepinda mgongo wangu mwenyewe, wewe umelitia kabatini kifungo cha maisha hata mashtaka hujalisomea."

"Mashtaka yake ni mguu wako, mama."

"Mguu umepona! Tazama!" Na Mama Bomba, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kunyolea, akaunyoosha mguu wa kushoto, akazungusha kifundo kulia, akazungusha kushoto, kikalia ko, ko, ko. "Hiyo ni sauti ya uzima," akasema haraka, kabla binti yake hajafungua mdomo.

Binti alikuwa muuguzi, ametoka zamu ya asubuhi, bado na sare yake na vile viatu vya raba visivyotoa sauti, ndiyo maana hugombana kwa mdomo tu na si kwa kukanyaga sakafu. Ugomvi wenyewe ulikuwa kwenye saluni ya mumewe, ambayo ni chumba cha mbele cha nyumba yao: viti viwili vya kunyolea, vioo viwili vilivyotazamana, benchi la wateja, na runinga ukutani. Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo kinyozi hanyoi, na mashine zake zilikuwa zimelala juu ya taulo kama samaki waliokaushwa.

Mama Bomba mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu ya bomba la kupulizia dawa ya wadudu alilolibeba mgongoni miaka thelathini na mmoja. Majiko, maghala, mabweni, ofisi za wakubwa, kote aliingia nalo, mkono wa kushoto ukipampu ule mpini, wa kulia ukielekeza dawa. Kwa hesabu yake ameua mende wengi kuliko nywele zote ambazo mkwe wake amewahi kunyoa. Mmoja alikuwa mkubwa kiasi kwamba walipokutana kwenye korido ya hoteli ilibidi mmoja wao asimame pembeni, na mende ndiye aliyesema samahani. Aliyebisha aliulizwa: "Ulikuwepo?" Na kweli hakuwepo.

Sasa wiki saba zilizopita alipanda juu ya dari ya ghala moja la magodoro kutafuta mchwa, mguu ukaiacha boriti, dari ikafunguka, naye akaja chini na bomba lake mgongoni. Mwenyewe anasema hakuanguka, alishuka kwa njia ya mkato. Lakini kifundo kilivunjika, na tangu siku hiyo bomba lilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa kwenye mfuko wa sare ya muuguzi, chini ya kalamu na kipimajoto.

"Mkwe wangu," Mama Bomba akageukia benchi, "wewe ni mtu wa haki. Sema."

Kinyozi hakusema. Ni mtu mrefu, mpole, na mtu aliyekaa kati ya mkewe na mama mkwe wake hana dawa nyingine ila uziwi. Alikuwa ameshika pedi ya gemu kwa mikono miwili, macho kwenye runinga, vidole vinakwenda mbio.

Na kwenye runinga dunia ilikuwa inaisha. Ilikuwa dunia ya ajabu kidogo, kila kitu chake kimejengwa kwa matofali madogo madogo: nyumba za matofali, miti ya matofali, hata mawingu yamekatwa kama vipande vya sabuni. Watu wake wana vichwa vya mraba na miguu mifupi kama ya viti. Na juu yao wanakuja sisimizi wakubwa kama malori, nao wa matofali, wanatema tindikali ya kijani, na wakipigwa wanasambaratika vipande kama sanduku la sukari lililoangushwa. Mchezaji ana askari wanne, mara humtumia huyu, mara yule, na kazi yake ni kuiokoa dunia. Kwa sababu ya vile vioo viwili, sisimizi walijaa saluni nzima, mbele, nyuma, na kwenye chupa za manukato.

Askari wa mwisho wa kinyozi akalala chali. Runinga ikaandika kwa herufi nyekundu kwamba dunia imekwisha.

"Tena!" akaguna. "Wiki mbili, hatua hii hii."

"Unawapiga ovyo," akasema Mama Bomba. "Unamwaga dawa sebuleni wakati wanazaliana jikoni."

"Ni gemu, Mama."

"Ni wadudu."

Hapo binti akacheka, kicheko kile cha puani. "Haya! Siku utakayoipita hatua hiyo inayomshinda mkweo wiki mbili, siku hiyo njoo uchukue ufunguo."

Mama Bomba akashusha mguu taratibu. Uso wake ukawa kama wa mtoto aliyeona kabati la peremende limeachwa wazi.

"Mkwe wangu, umesikia?"

Uziwi wa kinyozi ukapona papo hapo. "Nimesikia, Mama."

"Nilikuwa natania!" binti akasema.

"Mimi nilikuwa sitanii. Lete hicho kidude."

Kinyozi akamkabidhi pedi kwa mikono miwili, kwa heshima, akaanza kumwonyesha: huku unatembea, huku unapiga, hiki unabadilisha askari. Mama Bomba akamsikiliza kama anavyosikilizwa mtu anayekufundisha kupumua. Kisha akakanyaga pedali ya kiti mara tatu, kiti kikapanda, akawa juu ya wote kama hakimu.

Sisimizi wakaja. Na Mama Bomba hakupiga hata risasi moja.

"Mama, piga!"

"Tulia."

"Wanakuja, Mama! Yule wa mbele, piga!"

"Kinyozi, mimi nimewahi kukufundisha kunyoa?"

Kinyozi akauma kidole. Mama mkwe alikuwa anawatazama sisimizi vile anavyotazama ukuta wa jiko la mtu kabla hajavaa barakoa, kichwa upande, jicho moja dogo. Miaka thelathini na mmoja hajawahi kupulizia mdudu kabla hajajua anatoka wapi. Anayepiga wa mbele, husema, atapiga mpaka dawa iishe, na wenzake watakuja kumzika wakiwa bado na njaa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliona. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umezoea mpini. Ukishika kitu, unapampu, hauombi ruhusa. Kwa hiyo kidole gumba cha kushoto kilikuwa kinasukuma kile kijiti cha kutembelea mbele, nyuma, mbele, nyuma, na yule askari wake wa kichwa cha mraba alikuwa anacheza mbele, nyuma, mbele, nyuma, katikati ya barabara, kama mtu aliyepewa habari njema. Tindikali ikipigwa anapokuwa mbele, inakuta yuko nyuma. Ikipigwa nyuma, yuko mbele. Sisimizi kumi na wawili walimtemea mpaka wakakauka mate, halikumpata hata tone.

Kinyozi akasimama kutoka benchini. "Mama! Umejifunza wapi kukwepa hivyo?"

"Kukwepa nini?" akasema Mama Bomba, na huo ulikuwa ukweli wake wa kwanza siku hiyo. Kisha akaona faida ya kutosema zaidi. "Aa, hiyo. Hiyo ni ya zamani."

Hata muuguzi, aliyekuwa amekunja mikono, akajikuta amekaa kwenye kiti cha pili.

"Wote wanatoka kulia," Mama Bomba akasema. "Angalieni, hata mmoja hatoki kushoto. Na wanaorudi wanapita palepale, nyuma ya ule mnara." Akamtembeza askari wake, mbele nyuma mbele nyuma, kinyume na msafara, mpaka nyuma ya mnara, na kweli, pale chini palikuwa na shimo, linawatapika sisimizi kama mlango wa uwanja baada ya mechi.

"Wiki mbili!" kinyozi akashika kichwa. "Wiki mbili sikwenda nyuma ya mnara!"

"Ulikuwa na shughuli ya kufa. Kipi kinalipua?"

"Hicho cha juu."

Akakibonyeza. Mnara ukapaa, matofali yakanyesha, shimo likafuka moshi. Halafu kutoka humo humo akatoka mama yao, malkia wa sisimizi, mwenye mabawa, mkubwa kuliko ule mnara, na akapiga bawa moja tu. Askari wa Mama Bomba akaruka, akagonga ukuta, akalala.

"Amekufa!" Mama Bomba akapiga kelele. "Mtoto wa watu!"

"Hajafa, Mama, badilisha! Chukua mwingine, mpeleke pale alipolala mwenzake, atamwinua!"

Akabadilisha. Askari wa pili, msichana mwenye mabawa mgongoni, akaenda akacheza mbele nyuma pembeni ya aliyelala, na yule aliyelala akafumbua macho, akajipangusa vumbi la matofali, akachukua bunduki yake. Mama Bomba akatazama jambo hilo kwa makini. Malkia akamwangusha wa pili, wa kwanza akamwinua. Wakaanguka wawili, wa tatu akaja akawainua wote. Waliendelea hivyo, wakipokezana kuanguka, hata yule malkia akachoka kuwaangusha watu wasiojua kubaki chini, na kombora la mwisho likamkuta kifuani. Akapasuka matofali elfu moja. Kwa maneno aliyokuja kuyasema Mama Bomba baadaye yalikuwa elfu arobaini, na moja lilitoka kwenye runinga likamgonga kinyozi.

Runinga ikaandika kwa herufi za dhahabu kwamba dunia imeokoka.

Kinyozi alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, anacheka machozi. Mama Bomba akaweka pedi pajani, akanyoosha kiganja kwa binti yake.

Binti hakucheka. Akaweka mkono juu ya mfuko, akauacha hapo.

"Mama, siku ile niliambiwa kuna mgonjwa ameanguka toka darini. Nikaja na faili, nikaandika saa, nikaandika mwanamke, mtu mzima. Umefunikwa vumbi lote la dari, uso hauonekani. Nikaandika hajulikani. Mama, nilikuandika hajulikani! Kiatu ndicho nilichokitambua. Huko kwenye runinga ukilala anakuja mwenzako anakuinua. Kule ghalani ulilala saa nzima juu ya magodoro. Nani alikuja?"

Kiti kilikuwa juu mno kwa mazungumzo ya namna hii. Mama Bomba akatafuta pedali kwa mguu, akakishusha mpaka macho yao yakawa sawa.

"Hakuja mtu," akasema. "Niliita, sauti ikafia kwenye magodoro."

"Hujawahi kuniambia uliita."

"Nilikuwa nakuambia za mende."

Kisha Mama Bomba akakohoa, akakaa sawa, na ile sauti yake ya kazini ikarudi. "Sasa sikia. Kuacha siachi. Nikiacha nitakaa hapa nikihesabu vichwa vya watu vinavyonyolewa, nitakufa kwa kuchoka, na hilo nalo utaliandika kwenye faili. Lakini kupanda sitapanda. Nitakaa chini, nitaonyesha shimo liko wapi. Wa kupanda atapanda mwingine, mwenye miguu mirefu. Na peke yangu siendi tena hata kwenye ghala la pamba."

"Mwingine nani? Nani atakubali kutambaa darini na—"

"Mimi Jumatatu sina kazi," akasema kinyozi kutoka sakafuni.

Mkewe akamgeukia. "Wewe! Wewe unayeniita nikutolee buibui bafuni?"

"Nilikuwa sijui wanatoka wapi," kinyozi akasema, na akajaribu kutazama kichwa upande, jicho moja dogo.

Hapo muuguzi akashindwa, kicheko kikamtoka cha mdomo mzima, na mkono ukaingia mfukoni. Ukatoka na kalamu, ukatoka na kipimajoto, mwisho ukatoka na ufunguo, lakini akaushika juu, mbali na kiganja cha mama yake.

"Masharti," akasema.

"Taja."

"La kwanza, Jumatatu tu."

"Wadudu hawajui Jumatatu. Lakini haya."

"La pili, simu iwe mfukoni mwako, imechajiwa, siyo nyumbani juu ya friji."

"Friji lenyewe umenipa wewe. Haya."

"La tatu, na hili si la kusikia na kuitikia tu, mama, nataka uape. Hata wakuite nani, hata wakwambie nini, huendi mahali kabla mimi sija—"

Mlango wa saluni ukasukumwa kwa nguvu hadi ukagonga ukuta. Alikuwa mwenye nyumba ya wageni ya mtaa wa pili, nywele zimechanwa upande mmoja, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, anahema, anatazama nyuma yake barabarani kama mtu aliyefuatwa.

"Mama Bomba," akasema, "niambie hujaacha kazi."