Mzee wa Mchanga Alivyovushwa Darajani

Amefariki yule mzee aliyekuwa akiuza mchanga huku kwetu Chanika, jana tumemzika, na masikio yangu yamechoka na "alikuwa mtu wa watu". Mnaonisomaga mnajua mie silii kwa kufuata mkumbo. Huyu ndo aliyekuwa akishusha malori mtoni, chini ya daraja letu la zamani ambalo mdogo wangu na wenzake wanalivuka kila asubuhi kwenda shule, vijana wake wakakomba mchanga kuzunguka nguzo mpaka misingi ikabaki nje kama meno yaliyokimbiwa na fizi. Daraja lenyewe la zege, limejengwa baba zetu hawajaoa. Zege ukiligandamiza linavumilia. Linachoogopa ni kupinda, ndo maana wakalitia nondo ndani. Sasa nguzo ikikosa pa kusimama, nondo zitasaidia nini? Siku moja nikamfuata palepale.

"Shikamoo mzee. Hapa si mnachimba daraja?"

"Marahaba. Sie tunachota mchanga wa Mungu, mwanangu. Mvua ikija ataleta mwingine."

"Ataleta kwa lori?"

Vijana wake wakacheka. Yeye hakucheka. "Nyumba ya baba yako imejengwa kwa unga?"

Jana sasa. Makaburi yako ng'ambo ya mto, na mnajua jeneza la Kiislamu linavyokwenda: mbiombio, watu wanagombea bega, kila mtu anataka thawabu. Kufika darajani, breki. Kuna ufa mpya, kiganja kinaingia. Mjumbe wetu wa mtaa akapaza sauti, "Wachache wachache! Jeneza na watu wanne tu!"

"Wanne nani?"

Wagombea thawabu wote wakainama kufunga viatu.

"Wewe si mpwa wake? Tangulia!"

"Mgongo unanisumbua, braza."

Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Kalila daraja, sasa daraja linamtaka yeye."

Wanne wakapatikana, wakavuka wakinyata kama wezi, tahlili wanaisoma chinichini wasilishtue zege. Wamefika salama, nasi tukafuata wachache wachache, tukazika. Hata udongo wa kaburi haujakauka, mpwa kapona mgongo, anamwambia jirani yangu anayejenga, "Kazi inaendelea, kesho gari linashuka mtoni." Na jirani, ambaye dakika chache nyuma alikuwa anatetemeka pale darajani, akaagiza tripu mbili.

Msiniambie marehemu hasemwi vibaya. Marehemu kaenda, nawasema nyie, na baba yangu humo, mnaoliogopa daraja huku mnalinunua kidogokidogo kwa lori. Yeye tumemzika. Kazi yake itazikwa siku tutakayoacha kuinunua.