Neno la Redioni

Kwa miaka kumi na mmoja Douglas alikuwa na sauti nzuri isiyo na kazi. Kule Kenya aliwahi kuwa mtangazaji. Hapa London aliitumia sauti hiyo kuwabembeleza wazee kwenye makao yao ya kutunzwa huko Harrow wameze dawa, na wengi wao walikuwa viziwi. Kwa hiyo alipopata nafasi ya kusoma maelezo ya Kiswahili ya filamu ya Kimarekani ya mfululizo, vipindi kumi na viwili kuhusu wanamuziki na wanamichezo Weusi na jinsi walivyoonyeshwa kwenye televisheni za kwao, alipanda treni hadi Croydon akiwa amevaa tai. Studio ilikuwa na ukubwa wa kabati.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha majaribio. Akiharibu, basi.

Alisoma kurasa sita bila kujikwaa. Ukurasa wa saba ulihusu mabondia, na hapo mzuka ukampanda. Karatasi ilisema "Wamarekani Weusi". Mdomo wake ukasema "Wanegro".

Kwenye skrini, akifuatilia kwa simu ya video, Jennifer, mwenye filamu, Mweusi wa Atlanta asiyejua Kiswahili hata cha salamu, aliinua kichwa. Neno hilo moja alilisikia vizuri sana.

"Amesema nini?"

Ian, fundi wa mitambo, Mwingereza mpenda amani, akawahi kudakia kwamba huenda ni neno la Kiswahili tu, yamefanana. Akamtazama Douglas kama mtu aliyemshikia mlango. Katika simu ile hakukuwa na mwingine ajuaye Kiswahili wa kumsuta.

Douglas akatikisa kichwa.

"Hapana, ni lile lile. Nimekosea."

Akaeleza. Utotoni mwake, miaka ya sabini, redio na magazeti ya Kiswahili yaliwaita hivyo, na pale kwao hakuna aliyejua kwamba wenye jina walikwisha kulikataa. Siku ya pambano kubwa majirani walijaa uani, na bondia akishinda, wanawake walipiga vigelegele kama harusini. Walilitaja neno lile kama mtu anavyomtaja mjomba wake.

Jennifer akazima kipaza sauti. Midomo yake ikawa inasema na mtu asiyeonekana, dakika moja, mbili. Ian akachunguza waya uliokuwa mzima.

Sauti ikarudi. "Baba yangu aliomba kazi ya utangazaji. Barua ya kumkataa ilikuwa na neno hilo. Barua ya heshima kabisa."

"Pole, dada."

"Soma tena. Kuanzia mabondia."

Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika pale alitua, akasema "Wamarekani Weusi", akaendelea mpaka mwisho. Jennifer akaandika kitu.

"Cha pili ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Kutakuwa na mtu anayejua Kiswahili, atasikiliza kila neno."

"Sawa."

Alhamisi alikuwa na zamu kwa wazee. Kabla hajavua hata hedifoni, alianza kumwandikia Mumbi, mfanyakazi mwenzake, wabadilishane.