Mpini wa Kisu cha Shemeji

Mkisikia watoto wa Mikumi wanamwita mtu mzima mwenye ndevu zake "Nyati! Nyati!" msiulize ni nani, ni mimi mwenzenu, Idrisa, fundi wa Kilosa, na aibu yenyewe niliichonga kwa mikono yangu miwili, nikaipiga msasa, nikaifunga kwenye karatasi ya zawadi na kuipeleka mwenyewe ukweni. Hakuna aliyenisukuma. Leo nacheka, lakini siku ile, wallahi, sikucheka.

Iko hivi. Mimi nafua majembe, mapanga na majiko ya mkaa (na sufuria zikitoboka msisite kuja), halafu nikaoa kwa wanajeshi. Baba mkwe wangu, Mzee Mshamu, alistaafu jeshi akajenga Mikumi, na kaka mkubwa wa mke wangu Zuhura, yaani shemeji yangu Hamisi, yuko jeshini mpaka leo. Watu wa nyumba ile hata chai wanakunywa mgongo umenyooka. Sasa Mzee akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu ni mkwe wangu, yule wa majiko," basi, anaishia hapo, hata jina halitaji, na mimi nacheka pamoja na wageni huku moyoni naumia, maana naumia kweli.

Shemeji Hamisi akapandishwa cheo, akawa anakuja likizo, ukweni wakaandaa shughuli ya kumpongeza. Nikasema hapa hapa. Nitamfulia kisu cha mkono wangu, kisu ambacho Mzee akikishika atalitafuta jina langu mwenyewe. Nikachukua kipande cha springi ya lori, nikakipiga juu ya kile kipande cha reli ninachofulia, nikakirudisha motoni, nikakipiga tena, nikakizamisha kwenye oili chafu kikalia chiii, nikakinoa mpaka kikawa kinanyoa vinyweleo vya mkono. Zuhura akaniuliza kwa nini mkono mmoja umebaki kama wa mtoto. Nikamwambia ni kazi.

Mpini sasa. Nina rafiki yangu mfugaji, Saitoti, ambaye ng'ombe wake mweusi alianguka korongoni akavunjika mguu, wakamchinja, na pembe akaniletea mimi maana anajua napenda kuchongea mipini. Pembe nyeusi tii, nzuri ajabu. Ila Saitoti ana tabia yake, ng'ombe wake huwapiga chapa ya moto kwenye ngozi na kwenye pembe pia, anasema mwizi anaweza kuitupa ngozi lakini pembe ataisahau. Kwa hiyo ile pembe ilikuwa na alama. Nikaichemsha, nikaipasua vipande viwili, nikavibana vikanyooka, na kile kipande chenye chapa nikakiangalia weee, nikawaza, nani anampelekea mwanajeshi mpini wenye chapa ya ng'ombe wa mnadani? Nikakigeuza. Upande wenye chapa nikaupiga tupa ukae sawa, nikaulaza ndani, ukatazamana na chuma, nikatia gundi na misumari ya shaba.

Zuhura akasema, "Si ungeiacha ionekane, baba Salma? Mbona inapendeza?"

Nikamwambia, "Wewe hujui mambo ya wanajeshi." (Mtoto wa mwanajeshi, mdogo wa mwanajeshi, namwambia mimi fundi majiko kwamba hajui mambo ya wanajeshi. Acheni tu.)

Zuhura akatangulia Mikumi kusaidia kupika. Siku ya shughuli mimi nikapanda pikipiki yangu asubuhi, nikafika Ulaya, kile kijiji cha njiani, siku ya gulio, nikasema ninywe chai kwanza. Kosa la kwanza hilo, kwa sababu pale kwenye benchi nikaanza kukifungua kile kisu eti nikague kama hakijapata vumbi, kumbe nataka watu waone. Wakaona. Wakakipitisha mkono kwa mkono, jamaa mmoja mwenye kofia ya bluu akakigeuza-geuza, akauliza kwa upole kabisa, "Mpini huu wa nini, fundi?"

Jamani, neno ng'ombe lilikuwa mdomoni. Lilikuwa hapa. Lakini nikawaza jioni nitasimama mbele ya Mzee Mshamu, nikasema, "Nyati huyo."

"Nyati? Na hizi pembe unazipata wapi?"

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaegemea ukuta, nikasema, "Tuna watu wetu. Nikitaka nyingine naagiza tu." Sijui hata hilo neno la kuagiza lilitoka wapi. Benchi zima likaacha kutafuna. Yule wa kofia ya bluu akanirudishia kisu kwa mikono miwili, taratibu, akalipa chai yake akatoka.

Nikaendelea na safari. Nilipoiacha Ulaya nyuma nikaona kwenye kioo pikipiki inanifuata. Nikaongeza mwendo, ikaongeza. Nikapunguza ipite, nayo ikapunguza. Njia ile mnaijua, kuna mahali ni pori huku na pori huku na hakuna hata nyumba ya kuombea maji, na kwenye kioo naona kofia ya bluu. Nikasema huyu amekipenda kisu, ataniua ajipatie kisu. Nikasoma dua zote ninazozijua, nilipomaliza nikaanza upya. Mikono ilitoa jasho mpaka klachi inateleza. Nilipoingia Mikumi mjini nikageuka, hayupo, nikashukuru kwa sauti mpaka mama muuza ndizi akaitikia.

Kumbe hakutaka kisu. Alitaka kujua naingia nyumba gani.

Ukweni kumejaa, turubai limefungwa, pilau inanukia, muziki upo, mshereheshaji yupo na kipaza sauti chake. Nikamshika Mzee mikono, "Shikamoo baba." Akasema, "Marahaba," halafu akawageukia wazee wenzake, "Yule wa majiko huyu." Sawa, nikajisemea, ngoja.

Zamu ya zawadi ikafika. Nikapewa kipaza sauti, nikakifungua kisu mbele ya watu, nikamkabidhi shemeji Hamisi. Akakitoa kwenye ala yake ya ngozi, akakiangalia, na nawaambia, uso wake ulibadilika, alifurahi kama mtoto. Mzee naye akainuka kwenye kiti chake. Akaja. Akakishika. Akaniangalia mimi machoni, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akauliza, "Umekitengeneza wewe? Na mpini huu wa nini?"

Na kipaza sauti ninacho mkononi. "Pembe ya nyati, baba!"

Nilitegemea makofi. Nyie, mimi ni mtu wa Kilosa, nilisahau niko wapi. Pale Mikumi hifadhi iko mlangoni kwao, kila nyumba ina mtu aliyewahi kuajiriwa kule au mtu aliyewahi kufungwa kwa sababu ya kule, na neno nyati ukilitaja pamoja na pembe hakuna anayepiga makofi. Muziki ukazimwa. Mama mkwe akaweka bakuli chini. Na kule mlangoni wamesimama askari wa wanyamapori wenye sare, na katikati yao, amevua kofia ya bluu ameishika mkononi, yule bwana wa chai.

"Ndiye huyu," akasema.

Mkubwa wao akatusalimia vizuri tu, akampa Mzee shikamoo, kisha akasema, "Hizo ni nyara za serikali. Aliyezitengeneza tunaondoka naye. Na aliyekutwa nazo pia."

Aliyekutwa nazo. Nikageuka. Kisu kilikuwa kimerudi mkononi mwa shemeji Hamisi. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini, kwa sababu mimi kufungwa ni mimi na ujinga wangu, lakini mwanajeshi akipatikana na nyara kazi imekwisha, cheo kimekwisha, na alikuwa amekipokea kile kisu kwa sababu ananipenda tu. Hakukitupa. Alisimama nacho wima.

Nikapiga kelele, "Ni ng'ombe! Afande, ni ng'ombe, nilidanganya!"

"Ulaya umesema nyati," akasema yule mkubwa, "hapa kwenye kipaza sauti umesema nyati, umetuona sisi imekuwa ng'ombe. Nishike lipi?"

Kweli angeshika lipi? Zuhura akatoka jikoni na mwiko mkononi, ananitazama tu, machozi yanamlenga, akasema polepole, "Chapa, baba Salma. Waambie habari ya chapa."

Nikampigia Saitoti. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani, nikampigia fundi cherehani kwa makosa. Mara ya mwisho ikaita. Askari akaninyang'anya simu, akaweka sauti ya juu, akasema nisifungue mdomo. Akamuuliza Saitoti kama ana ng'ombe mwenye alama kwenye pembe, na alama ikoje.

"Mistari miwili, na duara chini yake," sauti ya Saitoti ikasema. "Kwani nani ameniibia?"

"Hakuna aliyeiba. Ulimpa mtu pembe?"

"Nilimpa Idrisa wa Kilosa, za yule mweusi aliyeanguka korongoni."

"Idrisa huyo anasema ni za nyati."

"Nyati?" akasema Saitoti. "Ng'ombe wangu yule, nimemkuza mwenyewe, leo ameitwa nyati? Mwambie Idrisa asikanyage kwangu!" Akakata.

Watu wakacheka kidogo. Askari hakucheka. "Rafiki anaweza kusema lolote," akasema. "Fungua mpini. Tuone hiyo alama."

Mwenzenu nikafungua mpini. Jirani akaleta nyundo na msumari mnene, nikakaa chini kwenye mkeka mbele ya ukoo mzima, nikaanza kuigonga misumari ya shaba niliyoiweka kwa mapenzi yote, na gundi ilikuwa nzuri, jamani, nilijisifu sana juu ya gundi ile, kwa hiyo haikuachia, ikabidi nivunje. Pembe ikapasuka kra! Nikasikia shemeji Hamisi anavuta pumzi. Na wakati navunja nikakumbuka kitu. Ule upande nilikuwa nimeupiga tupa. Nilikuwa nimeukwangua ukae sawa. Je, kama nimeikwangua na chapa yenyewe?

Nikaanza kuparua gundi kwa ukucha. Hakuna kitu. Nikaparua tena, weusi mtupu. Mzee Mshamu akaja na miwani yake, akapiga goti pembeni yangu (mzee yule, na goti lake bovu), akanishikia kile kipande kwenye mwanga. Ukatokea mstari. Mmoja. Nikaendelea, kidole kinatoka damu, ukatokea wa pili. Chini yake duara, lakini nusu tu, nusu nyingine ilikwenda na tupa.

Askari akaitazama, akampa mwenzake, naye akampa yule wa kofia ya bluu, wakaitazama tena.

"Bwana fundi," akasema, "shukuru tupa yako ni butu." Akaandika jina langu, akanipa onyo mbele ya wote kwamba siku nyingine nikisema nyati atanichukua kama nilivyosema, akakaribishwa pilau akakataa. Yule wa kofia ya bluu yeye alikula.

Nikabaki nimekaa kwenye mkeka na vipande vya pembe mapajani. Sikulia, nasema ukweli, nilifika karibu. Shemeji Hamisi akanishika bega. "Kaniwekee mpini mwingine, shemeji," akasema. "Lakini hiyo chapa iwe nje." Mzee akachukua chuma kitupu, akakikunja kwenye ukingo wa meza kikarudi sawa, akanyoa kinyweleo kimoja cha mkono wake. "Kisu kizuri hiki," akasema. "Kina ala na kila kitu. Kinywa chako ndicho hakina ala."

Jioni wakaja wageni waliochelewa, wakawa wananitazama mimi na kidole changu kilichofungwa kitambaa. Mzee akawaambia, "Huyu ni mkwe wangu, Idrisa. Anafua visu." Halafu akaongeza, "Msimuulize mpini ni wa nini."

Basi jina langu likatajwa, jamani, na sijawahi kukipata kitu kwa hofu kubwa kama ile. Kwa Saitoti nilikwenda kuomba radhi, akaniacha nimesimama juani mpaka alipomaliza kunywesha ng'ombe wake wote. Na siku hizi mteja akiniuliza mpini ni wa nini, naangalia kwanza kama kuna mtu wa kofia ya bluu, kisha nasema ng'ombe. Hata ule wa mbao, nasema ng'ombe.