Mbuzi Mweupe wa Shukrani

Mbuzi wa shukrani wa baba yangu alipelekwa kanisani mara mbili, na mara zote mbili akarudi nyumbani mzima, akitafuna kamba yake mwenyewe. Mara ya tatu hakufika kanisani wala hakurudi nyumbani.

Nianze mwanzo. Baba alikuwa mpima ardhi Dodoma, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa na kila mtu akataka kiwanja. Asubuhi moja alikuwa porini upande wa Msalato, akitafuta bikoni, yale mawe ya alama za mipaka ya zamani, kifua kikambana. Alidhani ni kiungulia cha uji wa uwele. Kisha miguu ikakataa. Mwenzake wa kazi alipokimbilia barabarani kutafuta gari, mfugaji mmoja aliyekuwa akipita na ng'ombe alivua shuka lake, akamlaza baba juu yake, akakaa chini akimshika mkono mpaka gari lilipofika. Baba hakumjua jina.

Hospitalini wakasema ni mshtuko wa moyo. Mama, akiwa kwenye benchi nje ya wodi, aliweka nadhiri: mume wangu akipona, tutatoa mbuzi mweupe. Kanisani kwetu hilo lilikuwa jambo la kawaida. Aliyepona husimama mbele, hueleza alivyoponywa, na sadaka yake, iwe kuku au mbuzi, hunadiwa nje baada ya ibada.

Baada ya miezi miwili daktari alimruhusu baba arudi kazini taratibu. Mama akanunua mbuzi. Lakini mimi, niliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na bado nikiishi nyumbani, niliona mambo ambayo daktari hakuyaona. Baba hakulalia tena ubavu wa kushoto. Wakati wa maombi, wengine wakiwa wamefumba macho, yeye aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, akihesabu mapigo. Redio ikifika kwenye matangazo ya vifo, aliizima.

Jumapili ya kwanza alifika geti la kanisa, akasema moyo umeruka, tukarudi. Jumapili ya pili alifika mpaka mbele. Mchungaji akatangaza kwa furaha, "Ndugu yetu amepona! Mzee, waambie watu."

Baba aliwatazama watu.

"Bado," akasema.

Kanisa zima likacheka. Mwanakwaya mmoja akapaza sauti, "Basi na mbuzi asubiri!"

Nyumbani, mama hakucheka. "Daktari kasema umepona. Mchungaji kasema umepona. Wewe ni nani hata useme bado?"

"Mwenye moyo."

"Baba watoto, nimemwahidi Mungu."

"Sijawahi kusaini ramani ambayo bikoni zake sijaziona kwa macho yangu. Nitasimamaje pale niseme nimepona, wakati naogopa hata kuinama nifunge viatu?"

"Kwa hiyo sasa unampimia Mungu mipaka!"

Sikuwa nimewahi kumsikia baba akisema anaogopa. Nikataka kujua mtu hupona lini hasa. Nilimuuliza mama, akasema ni siku anaposhukuru. Nilimuuliza baba, akasema mtu hushukuru siku anapopona. Walikuwa wanazunguka nguzo moja, kama yule mbuzi uani.

Wiki hiyo yule mwanakwaya alikuja. Nilidhani amekuja kuomba radhi. Aliketi, akanywa chai, akamtazama mbuzi kwa muda.

"Mzee, ile 'bado' yako," akasema. "Mimi tangu nipunguzwe kazini naimba tu. Ndani hamna kitu."

Baba hakumpa ushauri wowote. Alimwongezea chai. Mwanakwaya alirudi tena, na tena, na nikaona siku alizokuja, vidole vya baba havikugusa kifundo cha mkono.

Jumatano moja kiangazi kikiishia, baba alimfungua mbuzi asubuhi akaondoka naye kwa miguu. Alirudi saa tisa, kamba mkononi, vumbi mpaka magotini. Akala, akajilaza. Alilalia ubavu wa kushoto. Mama alisimama mlangoni akimtazama mpaka alipoamka.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Nimeshukuru."

"Mchungaji kampokea?"

"Nimeshukuru, mama watoto."

Mchungaji hakupokea mbuzi yeyote, nilikwenda kumuuliza. Baba naye hakuongeza neno, na tangu siku hiyo aliinama bila woga kufunga viatu vyake.

Miaka kadhaa baada ya kumzika, nilikwenda Msalato. Mwanamke mmoja mwenye duka alikumbuka mtu wa ofisini aliyepita boma kwa boma na mbuzi mweupe, akiuliza habari za mfugaji asiyemjua jina, ila sura tu.

Nilimpelekea mama habari hiyo. Alikuwa jikoni, na kamba ile ilikuwa bado imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Alimpata?" akauliza.

Mwenye duka hakujua.