Barua ya Halmashauri na Bomba la Bwana Larter

Jua halijapanda vizuri, na Doreen Gotts amepiga magoti kwenye nyasi zenye umande. Anavuta futi ya kupimia kutoka ukuta wa jikoni wa Bwana Larter hadi ukingo wa genge la bahari.

"Ngapi leo?" mzee anauliza dirishani, mikono ina povu la sabuni.

"Mita mbili na nusu. Mwezi jana zilikuwa nne."

"Basi bado zipo!"

Doreen, miaka sitini na moja, ameipimia halmashauri genge hili la Norfolk, mashariki ya Uingereza, kwa miaka kumi na tisa. Mtaa ulikuwa na nyumba thelathini. Zimebaki kumi na moja.

Bwana Larter, mjane wa miaka themanini na minne, ameandikiwa na halmashauri kwamba kuanguka kwa nyumba yake ni "imminent". Hataki kuhama.

"Binti, neno hilo maana yake karibuni," anasema. "Na karibuni ya halmashauri naijua. Walisema watatengeneza barabara karibuni. Mke wangu Peggy kafa anaisubiri."

Doreen aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, lakini neno hilo alilifuata mpaka kwenye kamusi kubwa ya maktaba.

"Mwanzoni halikuwa neno la kuhesabu siku," anasema. "Ni la Kilatini. Wenyewe walilitumia kwa kitu kilichochomoza juu ya kichwa chako, kinaning'inia. Vaa koti, Bwana Larter. Twende chini."

Anamshika kiwiko, ngazi moja baada ya nyingine, hadi ufukoni.

"Haya, tazama juu."

Bahari imekula mchanga kwa chini, ndani kabisa. Nyasi walizozipima zimebaki kama ukingo wa kofia. Chini ya jikoni na chumba cha kulala hakuna udongo. Bomba la maji machafu limechungulia hewani, linadondosha povu.

"Lile bomba langu?"

"Lako."



"Kwa hiyo nimelala juu ya hewa."

"Na kukoroma umekoroma."

Anacheka kidogo, kisha anafuta macho kwa kiganja. "Peggy alifia chumba kile, Doreen."

"Najua, mzee wangu."

Alhamisi mzee atahamia kwa dada yake. Ameomba mlango aufunge mwenyewe.

Doreen amebakiwa na nyumba kumi, na barua kumi za halmashauri mkobani. Hataki tena kuzisukuma chini ya milango.

"Kila mtu nitamshusha huku kwanza, atazame juu. Barua atasoma baadaye," anasema. "Mama wa namba sita magoti yamekufa. Huyo sijui nitambebaje, lakini atashuka."