Nyota za Chupa

Mimi mambo ya mwezini yaliniingia kupitia sukari. Usicheke. Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, dukani kwetu Maganzo sukari ilifungwa kwenye kurasa za magazeti makuukuu yaliyotupwa na Wazungu wa mgodi wa almasi. Siku moja nikafungua robo yangu nikakuta picha ya chombo kinachotema moto, kimetua mahali pasipo na mti wala nyasi, na mtu kasimama mlangoni kavaa nguo iliyomfunika mpaka kichwani. Chai ilichemka mpaka ikafurika. Mimi nimekodolea macho karatasi.

Nilikuwa mshonaji, watu wakiniita Mama Cherehani. Baba yangu alitoka pwani akifuata biashara, mama yangu Msukuma wa hapa hapa, na domo nimelirithi kwa wote wawili. Nikaibeba ile karatasi mpaka kwa karani mmoja wa mgodini aliyejua Kiingereza.

"Nisomee."

"Mama Cherehani, hizi ni hadithi tu za uongo."

"Na zile za sungura na fisi ulizolelewa nazo zilikuwa za kweli?"

Akacheka, akakaa, akasoma. Kuanzia hapo kila Jumapili alasiri baraza yangu ilijaa. Karani anasoma, anatupa Kiswahili, na wale ambao Kiswahili kiliwapiga chenga nawapa Kisukuma mimi. Kurasa zilikuwa moja moja, kwa hiyo hadithi nyingi hazikuwa na mwisho. Mwisho tuliutunga wenyewe, na tuligombana juu yake kama watu wanaogombania shamba. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata harusini kwangu, Mungu anisamehe.

Habari ikasafiri. Kumbe wachimba dhahabu wa Geita nao walikuwa na kikundi chao. Wafanyabiashara wa Segese wakajiunga, na hata muuza dagaa mmoja wa Buseresere, mzee mkorofi aliyeamini kuna watu wanaishi ndani ya jua. Tukapatana tukutane mara moja kwa mwaka, pamba ikishauzwa, kwenye uwanja nyuma ya ghala la pamba pale Shinyanga mjini. Mkutano tuliuendesha kama ngoma za mashindano za Kisukuma: pande mbili zinacheza wakati mmoja, kila upande na vituko vyake, na hakimu hakuna. Mtazamaji akivutiwa na upande wa pili anahama kwa miguu yake. Jua likizama, penye watu wengi ndipo penye ushindi.

Sisi wa Maganzo tulikuwa Upande wa Mwezi. Wa Geita walikuwa Upande wa Chini ya Ardhi, maana mtu anayeshinda shimoni anapenda kusikia kwamba huko chini kuna mji. Mwaka wa kwanza walituaibisha. Walikuja na joka la magunia, watu wamejipanga ndani yake, linatambaa na kupiga chafya ya vumbi, na uwanja mzima ukawakimbilia. Hata jirani yangu, niliyempa nauli ya kutoka Maganzo, alihama akanipungia mkono! Nilinuna njia nzima ya kurudi.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine mgodini, na mambo yetu hakuyataka. "Mwezi haujazi sufuria," ndio ulikuwa wimbo wake. Jumapili tukisoma, yeye yuko uani anatengeneza baiskeli isiyokuwa na ubovu wowote. Lakini aliponiona nimerudi na macho yamevimba, hakunicheka. Mwaka uliofuata, nilipomwambia nataka kushona vazi la msafiri wa mwezini, kaniki nyeusi tititi iliyojaa nyota za vipande vya chupa, alitazama vidole vyangu vilivyokatwakatwa na vioo, akatoka. Jioni nikamkuta anaviringisha kipipa uani. Ndani ametia vipande vyangu, maji na kokoto, ili vioo visuguane vipoteze makali. Akafanya hivyo kila akitoka kazini, mpaka vikatoka vimelainika, vyeupe vyenye ukungu, havikati hata kidole cha mtoto. Vyote vilivyolainika nilivishona, kutoka shingoni mpaka miguuni. Kofia ikawa kibuyu kikubwa kilichokatwa dirisha usoni.

"Nani atavaa?" nikauliza.

"Mimi ndiye mrefu," akasema. Akakitwaa kibuyu, akakijaribu.

Msomaji wa mbali haoni shida hapo. Wa Maganzo ameshashika kichwa. Almasi ikitoka ardhini haimetameti kama ya kwenye pete. Ni kijiwe chenye ukungu, laini, ukikitazama haraka utasema kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga. Kukutwa nacho bila kibali ilikuwa jela, na kwa mtu wa mgodini ilikuwa jela na kazi kwaheri. Nasi tuliokaa juu ya almasi miaka yote ile hatukuliona hilo. Tulikuwa tunaona nyota.

Asubuhi ya mkutano tukapanda lori la pamba. Mume wangu alikuwa ameshavaa, kwa sababu nilikataa katakata nguo yangu ikunjwe. Tukafika kwenye kizuizi cha barabarani, pale askari walipokuwa wakipekua watu wanaotoka upande wa mgodi. Askari akapanda, akamwona mtu mweusi mwenye kichwa cha kibuyu, amejaa vijiwe mwili mzima, amekaa kitako juu ya gunia la karanga.

"Mwangaluka," mume wangu akamwamkia kutoka ndani ya kibuyu.

Askari akainama. Akagusa nyota moja kwa kidole, akaivuta. Kisha akapuliza filimbi.

Tukashushwa, lori likaambiwa liende. Tukakalishwa kwenye benchi mbele ya kibanda chao. Mimi bado nilikuwa na kiburi changu. Vioo ni vioo, wataona wenyewe, tatizo langu ni kuchelewa tu. Ndipo mume wangu akaniinamia sikioni.

"Ile kokoto ya kwenye pipa," akanong'ona, "niliichota korongoni."

"Korongo gani?"

"Kule wanakochimba kwa kujificha."

Loo! Roho ilinitoka. Kama ndani ya kokoto ile kulikuwa na jiwe hata moja, limezungushwa pipani pamoja na vioo, na mimi nimeliokota na kulishona kwa mikono yangu. Nikamtazama mume wangu amejazwa nyota toka juu mpaka chini, na kila nyota nikaiona ni mlango wa jela.

Akaja mkubwa wao, Inspekta mmoja mwenye sauti ya upole, na sauti ile ndiyo iliyoniogopesha zaidi.

"Vazi hili ni la nani?"

"Langu," akasema mume wangu.

"Muongo!" nikaruka. "Ni langu. Nimelishona mimi. Huyu hata hadithi moja haijui. Muulize kwenye mwezi kuna nini!"

"Mama watoto, nyamaza."

"Sinyamazi!"

"Kuna mawe," mume wangu akamwambia Inspekta, "na vumbi, na hewa hakuna, ndiyo maana mtu anavaa kibuyu. Vazi ni langu."

Nikamgeukia. Jumapili zote zile, na baiskeli yake isiyokuwa na ubovu, kumbe alikuwa anasikiliza.

Inspekta akavua kofia, akajikuna. "Tangu nisimame hapa," akasema, "kila ninayemkuta na jiwe ananiambia si lake. Leo naona watu wanagombania jela."

Akatuma baiskeli mgodini kumwita mtazamaji wa mawe. Mimi nikapewa mkasi wangu mwenyewe, nikaambiwa nifumue. Hiyo kazi siisahau. Nyota nilizozishona kwa mapenzi nazikata moja moja, nazitia kwenye sahani ya bati, na kila ikilia kwenye bati nasoma dua. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, nikajisemea, na leo nyani ni sisi. Pembeni yangu mume wangu, ambaye ni Mkristo wa misheni, naye midomo inamcheza. Kila mmoja alipeleka kesi kwa njia yake.

Mtazamaji wa mawe akaja, Mzungu mwembamba mwenye kioo kidogo cha kukuzia. Akakaa, akavuta sahani. Anaokota kimoja, anakiweka jichoni, anakikwaruza, anakitupa upande wa kushoto.

"Chupa," anasema.

Kingine.

"Chupa."

Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo maishani mwangu. Chupa. Chupa. Chupa. Kila akilisema napumua, kila akiokota kingine nasahau kupumua. Sahani ikapungua. Nikaanza kuona barabara, nikaanza kusikia kuku.

Kisha akaokota kimoja, akakaa nacho. Akakipeleka kwenye mwanga, akakikwaruza, akakitazama tena. Hakukitupa kushoto. Akakiweka peke yake, upande wa kulia, akaendelea na vilivyobaki. Inspekta akaacha kujikuna. Mume wangu akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. 

Vilivyobaki vyote vilikuwa chupa. Mzungu akarudi kwenye kile cha kulia, akakigeuza vidoleni, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Mama, hii chupa ya nini?"

"Nini?"

"Chupa gani? Rangi nzuri sana."

Nikakitazama. Kilikuwa na ubuluu kwa mbali. "Ya marashi," nikasema. "Ya mama yangu."

"Nzuri," akasema, akanirudishia mkononi.

Alhamdulillahi! Nililia, nikacheka, nikamtukana Mzungu kwa Kisukuma kwa kunitisha vile, naye akadhani nambariki, akaitikia "asante". Mume wangu akakaa chini mavumbini na kaniki yake, akicheka bila sauti. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Lori jingine likatubeba. Tulifika Shinyanga jua limeshageuka, na joka la Geita lilikuwa limeshameza uwanja wote. Upande wetu walikuwa wamebaki karani, mzee wa dagaa, na mbuzi. Vazi langu halikuwa na nyota hata moja, limejaa nyuzi zinazoning'inia na matundu. Karani akashika kiuno. "Mama Cherehani, mmepatwa na nini?"

Hadithi niliyoitayarisha, ya malkia wa nyota, ikaniruka kichwani. Nikamsimamisha mume wangu katikati, na kibuyu chake, nikapaza sauti:

"Msafiri huyu ametoka mwezini! Lakini jamani, hata mwezini kuna kizuizi!"

Mtu mmoja wa Geita akageuka.

"Askari wa mwezini akamwambia: Panua mdomo! Vua viatu! Toa ulimi! Umebeba nini?"

Wakageuka wengine. Hakuna mchimbaji pale ambaye hajawahi kupanuliwa mdomo akipekuliwa atokapo shimoni. Nikaendelea. Nikawaambia jinsi mwezi wote ulivyo mawe, na msafiri hawezi kupiga hatua bila kukanyaga jiwe, na askari anamshtaki kwa kila jiwe lililo chini ya mguu wake. Mume wangu, yule wa sufuria, akaanza kutembea kwa kurukaruka angani ili asikanyage kitu, mikono juu, kibuyu kikiyumba. Sikumfundisha hilo! Watu walicheka mpaka wakashikana. Wakaanza kuhama. Mwisho joka lenyewe likahama, mkia ukitangulia, watu wa ndani wakitoa vichwa kwenye magunia ili wasikie. Jua likazama uwanja wote ukiwa mwezini.

Tuliporudi nyumbani, mume wangu hakwenda kulala kwanza. Alilivingirisha pipa mpaka chooni, akaimwaga kokoto yote shimoni, na mimi nikasimama mlangoni bila kumwambia acha kwanza tutazame. Akalipiga pipa teke kitakoni ili litoe na ile ya mwisho. "Mwakani," akasema, "nyota tutashona za vitambaa."

Baadaye wachimbaji walikuja mara nyingi kuniomba wapime kiwanja changu, na nikawakatalia. Sijui kuna nini mle shimoni. Maganzo nzima ilikuwa ikiomba usiku na mchana ipate jiwe. Mimi niliomba liwe chupa, nikapewa, na mwenye vazi nikarudi naye nyumbani.