Nani Alishusha Turubai

Mwanangu, turubai la basi lile nililishusha mimi.

Naandika hivi sasa kwa sababu kwa miaka zaidi ya thelathini nimelisema jambo hili kwa namna nyingine. Mwanzoni nilisema kondakta ndiye aliyelishusha. Nilipofika chuo kikuu nikaona aibu kumsingizia mtu mmoja, nikasema ni abiria wote kwa pamoja. Nilipoanza kuchapisha makala magazetini, nikasema ni upepo uliokata kamba. Unaona jinsi elimu inavyomsaidia mtu: kila nilipopanda darasa, uongo wangu nao ulipanda. Lakini kamba haikukatika. Niliifungua kwa vidole hivihivi vinavyoshika kalamu, fundo moja baada ya jingine, huku nikishangiliwa.

Ilikuwa enzi za Waingereza, mwaka ule wa mafua makubwa. Yalishuka Bukoba kutoka melini, kama mizigo mingine inavyoshuka, na hazikupita wiki mbili yakawa yamefika mabwenini kwetu. Walimu wakafunga shule mapema na kutuambia kila mtu aende kwao. Nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, nina sanduku la bati, sare nyeupe niliyoipiga pasi ya mkaa mwenyewe, na Kiingereza cha kutosha kuwaudhi watu. Kwetu ni Ijumbi. Ilinibidi nipande basi la Muleba, nishuke njia panda, kisha nitembee.

Mabasi ya siku zile wewe hukuyaona. Bodi ilikuwa ya mbao na madirisha hayakuwa na vioo. Kila upande, na nyuma pia, kulikuwa na turubai lililokunjwa juu na kufungwa kwa kamba. Mvua ikija linashushwa, ikikatika linakunjwa tena. Mwenye mabasi, mfanyabiashara mmoja wa mjini, alikuwa na matatu ya aina hiyo na moja jipya la vioo ambalo alilipenda kuliko yote.

Kondakta wetu aliitwa Ta Laurenti. Hilo "Ta" kwetu ni heshima tunayompa mwanaume mwenye nyumba yake, naye alikuwa na nyumba, mke, watoto na shamba la migomba kule Ijuganyondo. Jumapili aliimba sauti nene kanisani. Shuleni aliishia darasa la pili. Alichokuwa nacho ni macho. Aliona kwamba wenzake wawili wa basi la vioo waliugua katika wiki moja, na abiria wao wengi vilevile, ilhali yeye aliyeshinda kwenye upepo alikuwa mzima. Akamwendea mwenye mabasi, akamweleza. Yule bwana hakuwa mjinga. Akaliweka pembeni basi lake zuri na kumruhusu Ta Laurenti aweke masharti anayoyaona yanafaa.

Kwa hiyo siku ile nilimkuta amesimama mlangoni, kitambaa puani na mdomoni, akikata tiketi watu wakiwa bado chini kwenye hewa. Benchi la watu wanne lilikaliwa na wawili. Kikapu cha kahawa ya kutafuna, ambacho kwetu ni vigumu kusafiri bila kumpitishia jirani, kilikatazwa. Kila mtu atafune yake. Na turubai lilitakiwa likae juu, jua liwake au mvua inyeshe.

"Ta Laurenti," mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi na mtoto mgongoni alimwita, "umetoka kurina asali?"

"Nyuki ni ninyi, Ma," akajibu. "Panda taratibu."

Nyuma yangu alikuja mzee aliyevaa koti kuukuu la jeshi. Huyo hakuficha kitu. "Kondakta, mimi nakohoa," akasema. "Nipande au nisubiri lori?"

"Lori leo halipo, Tata. Kaa benchi la mwisho peke yako, uso utazame nje. Utatuangalizia tulikotoka."

Mzee akacheka, akakohoa, akaenda kukaa alikoambiwa. Nilikunja pua, nadhani kwa sababu ya lile koti. Ta Laurenti mwenyewe hakukaa. Alisimama kwenye ngazi ya mlango wa mbele, mkono mmoja kwenye bomba, nusu yake ndani na nusu nje, na hivyo ndivyo tulivyoondoka mjini, tukipigwa na hewa baridi kutoka ziwani.

Tulipoipita Kemondo mvua ikatufikia. Ilitupiga upande wa kushoto, nami nilikaa kushoto. Nikuambie ukweli, kwa kuwa leo ndiyo siku yake: sikuwaza afya ya mtu yeyote. Niliwaza sare yangu.

"Shusha turubai!" mama wa mkungu akapiga kelele.

"Vumilia, Ma. Nguo zitakauka."

"Na mtoto je, nitamwanika kwenye kamba?"

"Njoo naye huku kulia, kukavu." Akaiacha ngazi yake, akaingia ndani, akamhamisha yeye, mtoto na mkungu, akampa mtoto gunia kavu la kujifunika, kisha akarudi mlangoni.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Hakuna aliyeniuliza kitu. Lakini nilisimama, nikashika benchi la mbele kama mtu anayetaka kuhubiri.

"Kondakta, mafua huletwa na baridi," nikasema. "Tumefundishwa. Imeandikwa kwenye kitabu cha afya." Nikaikariri sentensi nzima ya Kiingereza. Nikiikumbuka sasa, ilihusu umuhimu wa kukausha miguu.

"Kitabu hicho mimi sijakisoma, mwanangu," Ta Laurenti akasema. "Lakini basi la vioo lilikuwa na joto zuri, na wenzangu wawili wako kitandani."

"Hayo umeyaona tu. Kuona si kujua."

Basi zima likacheka. "Kasinge, mwalimu!" mtu akaniita kutoka nyuma, yaani hongera. "Msikilizeni mtoto wa shule!" mwingine akasema. Sikuwa mwalimu, lakini sikumsahihisha. Nikafungua kamba za kushoto. Kulia hakukuwa na mvua hata tone. Nikafungua na huko, kwa kuwa watu walikuwa bado wananishangilia. Kisha nikaenda nyuma, nikafungua na pale alipokuwa anatazama nje yule mzee.

Ta Laurenti hakunishika mkono. Pengine aliogopa kumgusa binti wa watu, pengine aliheshimu ile sentensi ya Kiingereza. Alichofanya ni kusogea nje zaidi kwenye ngazi, mvua ikimpiga mgongoni. Laiti ningemwacha huko. Mpaka leo nikiwa peke yangu huwa najiambia: ningemwacha tu huko nje.

"Kondakta anawaogopa abiria wake!" nikasema. "Ametuona sisi uchafu."

Hapo kicheko kilikatika. Wewe umekulia mjini na huenda usielewe uzito wake. Kwetu mtu anaweza kukutukana mkapatana jioni ileile, lakini anayekataa kukaa na watu amesema neno lisilorudishwa. Mama wa mkungu, ambaye dakika chache nyuma alihamishiwa mahali pakavu, akauliza kwa sauti ya kuumia, "Kweli, Ta Laurenti? Tunanuka?"

Akaingia. Mabenchi yalikuwa na nafasi kila mahali, lakini alitembea hadi la mwisho, akakaa karibu na mzee wa koti la jeshi, ili pasiwe na mtu wa kusema amemdharau mgonjwa. Akashusha na kitambaa chake shingoni, maana mzee alikuwa hamsikii vizuri. Mbele kidogo basi likazama kwenye matope. Tulikaa humo kwa muda wa saa mbili hivi, tumefunikwa pande zote, tukisubiri watu wa kusukuma. Kulikuwa na joto, nguo zikitoa mvuke. Kikapu cha kahawa kilitoka mahali kilipofichwa na kuzungushwa. Nilikuwa mkavu, na niliona nimefanya kazi nzuri.

Siku ya tatu nikaugua. Nilikunywa uji, nikadekezwa, siku ya sita nikawa nimepona. Habari zikaanza kufika moja moja. Dereva ameugua lakini si sana. Mama wa mkungu ni mgonjwa, yeye na mtoto wake. Mzee wa koti la jeshi anaendelea vizuri. Ta Laurenti amelazwa hospitali ya mjini. Homa imemshukia kifuani, sasa ni kichomi.

Baba yangu alikuwa karani wa ghala la kahawa pale Muleba, na ofisini kwake kulikuwa na simu ya kuzungusha kwa mkono. Siku ya tisa alirudi nyumbani asubuhi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaniita uani.

"Mwenye mabasi amenipigia simu," akasema. "Dereva anamwambia turubai lilishushwa na binti wa shule, wa Ijumbi. Ni wewe?"

"Hapana, baba."

Akaniangalia kidogo. Kisha akanieleza yule bwana anataka nini, taratibu, kama anayemsomea mtu barua. Kama abiria ndio walioshusha turubai, ataongeza mfanyakazi wa pili katika kila basi wa kusimamia masharti mpaka mafua yaishe. Kama ni kondakta mwenyewe aliyelishusha, atayafuta masharti yote, kwa maana hawezi kuwalazimisha watu kulowa kwa ajili ya jambo lililomshinda hata aliyelibuni. Atapiga tena saa sita. Anataka kusikia kutoka kwangu.

Akanipakia nyuma ya baiskeli. Njia nzima nilikuwa na nafasi ya kusema kweli.

Hapa acha nisimame, mwanangu, nikupe nilichokusudia kukupa, kwa sababu nikishafika kwenye simu ile huwa sina tena sauti ya kumshauri mtu.

Siku yakija maradhi ya kuambukizana, nawe huna budi kusafiri, msikilize anayefanya kazi kwenye chombo ulichopanda. Usimpime kwa madarasa. Wewe unavuta pumzi za wenzako kwa saa mbili, unashuka, unakwenda zako. Yeye anavuta pumzi za kila anayepanda, asubuhi mpaka jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, na masharti anayokuwekea yanamlinda yeye pamoja na wewe. Acha hewa ipite hata kama utalowa. Nguo zitakauka, kama alivyosema. Ukiwa unakohoa, sema, tena kabla hujapanda. Ndani ya basi lile hapakuwa na mtu mwenye adabu kumzidi yule mzee, nami nilimkunjia pua. Mwenzako akikaa mbali nawe, usimsute, na akijifunika uso usimcheke mpaka aone haya na kujifunua. Na kama umesoma, nami naomba uwe umesoma, basi uwe wa kwanza kuuliza swali. Kujibu kuna watu wengi. Ukikosea, kiri siku hiyohiyo, ukiwa bado unaona haya. Haya ikipoa, unabaki na hadithi nzuri tu, na hadithi nzuri haimsaidii mgonjwa.

Mungu akufikishe kila uendako, mwanangu, na aliyekufikisha naye arudi kwake jioni akiwa mzima. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri kuliko wangu, na watu wa kukuvumilia ukijifunza.

Simu iliita saa sita na dakika chache. Baba akaipokea, akasikiliza, akanikabidhi, kisha akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo.

"Wewe ndiye binti wa shule?"

"Ndiyo, bwana."

"Ulikuwa kwenye basi langu siku ile ya mvua. Nani alishusha turubai?"

"Kondakta," nikasema. "Alilishusha mwenyewe."

Nikasikia kalamu yake ikiandika kwenye karatasi.

"Abiria hawakumlazimisha?"

"Hapana, bwana."

"Haya. Maana juzi nilimwuliza pale kitandani, naye akasema hivyohivyo. Akasema ni yeye, nisimsumbue mtoto wa mtu. Nikadhani anamficha mtu. Sasa mko wawili, na dereva yuko peke yake." Akashusha pumzi. "Basi. Kesho mabasi yatatembea kama zamani, watu wakae wanavyotaka."

Mgongo wa baba haukutikisika. Nikashika simu kwa mikono miwili.

"Bwana," nikasema, "labda ungemwuliza tena."

"Siwezi kumwuliza, binti. Laurenti amefariki leo asubuhi." Nikasikia akikunja karatasi. "Ahsante kwa kusema kweli," akaniambia, na simu ikakatika.